Nilipomfundisha Profesa Habari za Saruji

Naungama mwenyewe kabla wenzangu hawajakitia chumvi kisa hiki. Nasomea uhandisi wa ujenzi hapa Toronto, na kemia ilikuwa imenishinda mara mbili. Nikawashawishi Watanzania wenzangu wawili twende kwa profesa wetu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, tuombe kusamehewa somo hilo.

"Shikamoo, mama," nilianza. "Sisi tutajenga majengo, hatutatengeneza dawa. Baba yangu ni fundi mwashi Morogoro na kemia haijui kabisa."

"Marahaba. Saruji yake inakuwaje ngumu?"

"Inakaushwa na jua, kama nguo," nilijibu kwa madaha.

"Na mkishamwaga zege?"

"Tunalimwagilia maji wiki nzima. Kazi hiyo baba alinipa mimi."

"Maji ya nini, kama mnataka likauke?"

"Kuzuia vumbi."

Profesa alivua miwani, akafuta machozi ya kicheko. "Saruji haikauki, mwanangu. Inaungana na maji ndipo inakuwa jiwe. Hiyo ndiyo kemia."

Niligeuka kutafuta msaada. Mwenzangu mmoja alishaondoka. Wa pili alikuwa mlangoni, anajiandikisha kwenye karatasi ya masomo ya ziada ya kemia iliyobandikwa hapo.