Wiki Niliyofunga Ili Nisikimbie

Mwaka jana, Ramadhani ilipoingia, mwalimu wetu wa michezo, mtu wa bara, aliigawa timu ya shule mafungu mawili. Wasiofunga wangefanya mazoezi mazito Jumatatu na Jumatano, yaani mbio za mchangani ufukweni Shangani na mashuti mpaka giza, kisha mepesi Jumanne na Alhamisi. Waliofunga, mepesi tu: pasi fupi na danadana. Ijumaa wote tupumzike, maana Jumamosi tunacheza na vijana wa Mahurunga.

Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa. Nilinyoosha mkono nikasema nimefunga.

Nilikuwa winga wa kulia, na kulikuwa na kijana wa kidato cha kwanza aliyeitaka namba yangu waziwazi. Nikaona bora yeye akaimalizie miguu yake mchangani, mimi nifike Jumamosi sijachoka.

Kapteni, mtoto wa Mikindani anayekaa jirani yetu mtaa wa Chuno, hakunibishia. Uji ulipogawiwa saa nne, alikaa karibu yangu akakitazama kikombe changu mpaka nikakisogeza kwa mwanafunzi mwingine. Mchana alinisindikiza nyumbani, akamwamkia mama, akampa habari njema kwamba nami nimefunga pamoja nao. Mama, ambaye Kwaresima zote hajaniona nikiacha hata kipande cha muhogo, alimshukuru Mungu na kumpa mdogo wangu samaki wangu.

Jioni nilikula kama kawaida. Ambacho hakuna aliyenieleza ni daku. Wenzangu waliofunga waliamka kabla ya alfajiri wakala, mimi nikalala. Jumatano niliona mipira miwili. Alhamisi, tukipasiana hatua tano tu, nilijikuta nimekaa chini.

Mwalimu alifungua daftari lake akafikiri sana. "Mazoezi mepesi yanakuwa mazito kwako," alisema. "Sasa yapo mepesi kuliko haya?"

"Yapo, mwalimu," kapteni akajibu. "Kukaa benchi."

Jumamosi yule wa kidato cha kwanza alicheza winga ya kulia kwa miguu ileile ya mchangani, akatia bao. Mimi nililinda mashati.

Baada ya mechi kapteni alinifuata. "Twende ukafuturu kwetu, shehe. Na daku nitakuja kukugongea dirisha."

Nikamuuliza kwao daku huwa ni nini. Akasema wali wa nazi.

Nilifunga wiki mbili zaidi. Wiki ya pili nikarudishiwa namba yangu.