Nusu ya Maneno ya Mama Hadassa

Redio ilikuwa juu ya gunia la maharagwe la Vagheni, jirani yake Mama Kyakimwa, pale sokoni Butembo. Mama Kyakimwa alikuwa akichambua viazi vya Masereka, vizuri huku, vilivyooza kule, aliposikia mji wake ukitajwa bungeni Kinshasa. Akainua kichwa. Ilikuwa sauti ya Honorable Zacharie Lusenge, mbunge wao, yule yule ambaye wakati wa kampeni Kyakimwa alimwimbia mpaka koo likamkauka, akazunguka mitaa na picha yake kifuani. Bunge lilikuwa linajadili sheria ya urithi wa taifa, mambo ya ngoma na makaburi ya machifu wa zamani, na mtangazaji alikuwa anatafsiri Kifaransa chao ili hata muuza viazi aelewe.

"Kwetu Butembo," Honorable alikuwa akisema, "mwananchi hangoji serikali. Jumamosi anachukua jembe, anakwenda kwenye salongo, anatengeneza barabara yake mwenyewe, anajenga daraja lake mwenyewe. Hiyo kazi ya pamoja ni urithi, waheshimiwa. Naomba iandikwe katika sheria."

Wabunge wakapiga makofi. Naam, walipiga makofi! Na wiki ile ile, mjadala ulipogeukia huduma za umma, waziri mmoja akasimama akamshukuru Honorable kwa kumfumbua macho. Akasema kwa kuwa Butembo ina urithi mzuri namna hiyo, madaraja ya chuma ya mwaka huu yatapelekwa kwa wasiojua kujitegemea. Honorable Lusenge, aliyepelekwa pale kwa kura za watu wenye matope miguuni, hakunyanyuka kitini kupinga.

Redio ilipoyatangaza hayo, Kyakimwa alirusha kiazi kilichooza kikaipiga. Maneno aliyoyasema Honorable yalikuwa maneno ya Kyakimwa mwenyewe, isipokuwa yalikuwa nusu.

Huyu mama hakuanza jana kubeba mzigo wa serikali. Alizaliwa Masereka, juu kwenye baridi, na shule aliyosomea aliibeba kwanza kichwani, tofali kwa tofali, ndipo akakalia benchi lake. Akaolewa Butembo, katika mtaa ulio chini ya mlima wa Rughenda, akakuta hakuna njia ambayo gari linaweza kupita. Akaichimba na wenzake. Kanisa lao la Kiprotestanti alilisombea mchanga akiwa na mimba ya Hadassa, binti yake wa pekee. Mume wake, Syauswa, alikuwa fundi wa kila kitu ambacho serikali ilipaswa kujenga, na siku ya mazishi yake hakuja hata karani wa ofisi ya komine kutoa pole. Watu walisema Kyakimwa ana ulimi mkali. Aliyekula jasho la mtu miaka yote hiyo bila asante alitaka asikie ulimi wa namna gani?

Kitu kimoja tu kiliwashinda. Kati ya mtaa wao na maternité, hospitali ya kujifungulia, kuna kijito, na juu yake walikuwa wamelaza magogo mawili ya mkaratusi. Kiangazi unavuka. Mvua ikinyesha, maji yanapita juu yake na hakuna anayethubutu. Mwaka uliopita Hadassa alishikwa na uchungu siku ya mvua. Walisimama naye ukingoni wakingoja maji yapungue, na mtoto akazaliwa pale kwenye majani, akafa pale pale, huku paa la maternité wakiliona ng'ambo. Sasa Hadassa alikuwa na mimba nyingine na mwezi wake ulikuwa unakaribia. Kyakimwa hakutaka kitu kingine chochote duniani ila binti yake avuke.

Ndiyo maana, miezi kadhaa kabla ya maneno yale ya redioni, Honorable alipopita kuwasikiliza watu baada ya uchaguzi, Kyakimwa alimfuata, akampeleka mpaka ukingoni.

"Honorable," alimwambia, "sisi hapana batu ya kungojea. Barabara tulitengeneza na mikono yetu, huku na kule ya maji. Lakini chuma na ciment, ile hatuwezi. Ile ni kazi ya État, ya serikali. Useme ile kule Kinshasa."

Honorable aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema amesikia. Kweli alisikia. Alichukua nusu ya kwanza, ile tamu, akaenda kujipatia makofi nayo, na nusu ya pili akaitupa njiani.

Bunge lilipofungwa, akaja kuwaeleza wapiga kura kazi aliyowafanyia. Alianzia mji jirani wa Beni, ambako watu walimuuliza habari za usalama naye akawajibu habari za urithi. Kisha akatuma neno Butembo, na neno likafika kwa Kataliko, chifu wa avenue yao, yaani mtaa wao, mtu mwoga lakini si mbaya.

"Mama Hadassa," Kataliko alisema, "Honorable anakuja siku ya posho na bajournalistes. Anapenda tufanye salongo, bamama bavae kitenge ya muzuri, ngoma ikuwe. Ni ya kutia mu dossier ya patrimoine, ile urithi yake."

"Atatuona."

"Usituletee fujo, mama."

"Nimesema atatuona, chef."

Jumamosi, hiyo siku ya posho, mtaa mzima ulitoka, maana Kyakimwa alipita mlango kwa mlango. Jeep ilipofika, Honorable alishuka na viatu vinavyong'aa, waandishi wa habari wenye kamera nyuma yake, akakuta watu wamejaa ukingoni, majembe mabegani. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyeinama.

"Mbona munasimama?" aliuliza, bado anatabasamu. "Muanze, bazazi yangu. Kinshasa yote itawaona."

"Vuka kwanza, Honorable," Kyakimwa akamjibu. "Daraja ya patrimoine yako njo hii. Bajournalistes bakupige picha ukiwa unavuka."

Watu wakacheka, na kamera ilikuwa imekwisha kuwashwa. Mbunge angefanya nini? Akakanyaga. Hakumaliza hata hatua ya pili, gogo la kushoto likazunguka chini ya kiatu chake, likachomoka kwenye udongo, likaanguka majini na kwenda zake. Walinzi wakamdaka kwa koti.

"Hapa ni hatari!" alipiga kelele. "Mutu anaweza kufa hapa!"

"Njo ile!" Kyakimwa alimfokea, mate yakiruka. "Njo ile neno nilikupatia! Juu ya nini haukuisema? Mujukuu wangu alifia hapa, Honorable, hapa kwenye unasimama. Ile makofi yenye balikupigia kule, balikupigia juu ya maiti ya mutoto!"

Honorable alijipangusa matope. Hakumtazama usoni. "Nyinyi batu ya huku munakuwaka na kichwa nguvu," alisema, akaingia ndani ya jeep na watu wake, ikapanda mlima ikinguruma. Nyuma yake vigelegele vililipuka. Vagheni alicheza na jembe lake, na hata chef Kataliko alisahau woga akacheka mpaka akajishika mbavu.

Kisha kicheko kikaisha, na wote wakatazama kijito. Gogo lilibaki moja. Juu ya Rughenda wingu lilikuwa limekaa zito na jeusi. Hadassa, ambaye mwezi wake sasa ulikuwa umefika, alikuwa ameketi juu ya jiwe, mkono kiunoni, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika.

Hasira ilimwambia Kyakimwa aende nyumbani. Acha daraja libaki hivyo hivyo, serikali ione aibu yake, waje wenyewe wakiombwa na mafuriko. Alitamani hivyo kwa moyo wake wote. Lakini serikali haikuwa na mimba.

"Mukate ule muti wa kwangu," alisema. Ulikuwa mkaratusi nyuma ya nyumba yake, Syauswa aliupanda walipooana, na alikuwa amewakatalia wanunuzi wengi. Wanaume wakauangusha, wakautoa matawi, wakauweka mabegani. Wanawake wakashika kamba. Kyakimwa alikuwa mbele kabisa, karibu na maji, Vagheni alipomgusa mkono.

"Mama Hadassa. Tazama kule juu."

Jeep ilikuwa haijaenda. Ilikuwa imesimama kwenye kona ya mlima, na mtu wa kamera alikuwa juu ya paa lake, anawapiga picha. Honorable alikuwa kando yake, anamwonyesha kwa kidole.

Wenye gogo nao waliona. Wakasimama, gogo likiwaelemea. "Tutupe, akose picha yake?" mmoja akauliza, na kila mtu alimngoja yeye. Kyakimwa alimtazama yule mtu mlimani. Matone ya kwanza ya mvua yalimwangukia mkononi. Nyuma yake Hadassa aliguna, akalishika jiwe kwa mikono miwili.

"Hapana," Kyakimwa alisema, machozi ya hasira yakimtoka hadharani. "Mubebe."

Wakabeba. Akaingia majini mpaka kiunoni, akalipokea gogo la mume wake kifuani, na kule juu Honorable Zacharie Lusenge akapata urithi wake wote kwenye kamera, bila kukosa hata kipande.