Hodi ya Tatu

Wiki iliyopita nilifungiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hapa Misugusugu, na aliyenifungia ni mimi. Cheka tu, ndugu yangu, jirani yangu alicheka kabla yako. Umeme ulikatika asubuhi, betri ya kuendeshea geti nayo ikafa bila kuaga, na ufunguo wa kulifungua kwa mkono nilikuwa nimeuweka mahali pazuri sana, pazuri kiasi kwamba mpaka leo sijapakumbuka. Nina kamera nne, taa zinazowaka zenyewe zikiona paka, na pampu ya kisima ninayoiwasha kwa simu hata nikiwa safarini. Siku hiyo nilizunguka uani na rimoti mkononi kama kuku aliyefunikwa tenga.

Ndipo nikasikia sauti nje ya ukuta: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mama mtu mzima, kaja kurudisha bakuli langu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kupiga hodi kwangu. Wageni wangu huandika "nipo getini" kwenye simu, nami nabonyeza, geti linafunguka. Ajabu ni kwamba sikumjibu. Nilisimama kimya, nimeziba mdomo kwa kiganja, mwanamke mzima mwenye hati ya kiwanja. Hodi ya tatu ilipopita, na kandambili zake zilipoanza kuburuzika kuondoka, ndipo nikapiga ukelele wa "Karibuuu!" uliomshtua mpaka akauliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka tisa.

Ugonjwa huu wa mitambo nimeurithi kwa baba. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na nyumba yetu ya Kibaha ilikuwa karakana yake ya pili. Redio zetu hazikuwa na vifuniko. Mama akitafuta kijiko, anakikuta kimepindwa kuwa antena. Jumapili nzima nyumba ilinuka lehemu na nyaya zilizoungua kidogo, harufu ikichanganyika na ya kisamvu cha nazi kilichokuwa jikoni, na hadi leo nikinusa lehemu njaa inaniuma. Nilipenda kukaa karibu yake nimemshikia tochi. Alikuwa mpole akiwa na bisibisi, kuliko alivyokuwa bila bisibisi.

Kazi aliyojivunia zaidi ilikuwa kengele ya mlangoni, aliyoiunda kutoka kwenye simu mbovu ya mezani na betri ya gari. Ukibonyeza kitufe chekundu ukutani, nyumba nzima inatetemeka, krrrrr! Watoto wa mtaa walikuja kubonyeza na kukimbia, na baba, badala ya kukasirika, alitoka nje akicheka na kuwaita warudi wabonyeze tena.

Halafu mwizi akaingia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ilisemekana alipiga hodi kwa sauti ya kike, akaiga mpaka lafudhi ya shangazi yao, mtoto akafungua. Tangu siku hiyo baba alibadilika. Aliongeza nondo madirishani, na likizo za shule tukawa tunafungiwa ndani, mimi na mdogo wangu wa miaka mitano, mpaka mama arudi kutoka kwenye duka lake la vitambaa sokoni. Sheria ilikuwa moja, nasi tuliikariri kama jedwali la kuzidisha. Anayebonyeza kengele anajibiwa. Anayepiga hodi kwa mdomo hajibiwi, hata kama sauti ni ya baba mwenyewe. "Sauti inaigwa," alisema. "Mwenye adabu anabonyeza."

Hujui likizo ilivyo ndefu ukiitazama kupitia nondo. Nje wenzangu walicheza rede na kombolela, nilijua nani kashika na nani kaibia kwa kusikiliza tu. Nilihesabu viboksi vya dirisha: ishirini na vinne. Nilipika ugali wa udongo ndani ya nyumba, udongo wenyewe nikiuchota kwenye chungu cha ua la mama. Siku moja nilimjibu jirani aliyepiga hodi kuulizia chumvi. Baba alipojua, alinifutia Jumamosi, siku yangu pekee ya kutoka nje. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Tofauti na Marui, jamani! Kule Kisarawe kwa bibi, mama yake mama, mlango ulifungwa tu mbuzi wakizidi utundu. Watu walipiga hodi tangu kwenye mikorosho, wakajibiwa kabla hawajaonekana. Bibi alinifundisha kwamba hodi zina kazi zake. "Ya kwanza inamwamsha aliyelala," alisema, "ya pili inamvika kanga aliye uchi, ya tatu ni ya mkaidi. Ya nne ni ya mwizi, anataka kuhakikisha hamna mtu." Mtu wa heshima akifika ya tatu bila kujibiwa, anageuza, tena bila kinyongo.

Sasa sikiliza kosa lilipotokea. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, siku ya Alhamisi, na Jumamosi yangu ilikuwa inakuja. Tulikuwa sakafuni tunachezea visoda, ikasikika sauti mlangoni. "Hodi! Hodi humu!"

Mdogo wangu akaruka. Nikamdaka, nikamziba mdomo. Nikalala kifudifudi nikachungulia chini ya mlango, na pale nikaona kandambili za buluu zenye vumbi jekundu la Marui, ya kushoto imeungwa kwa waya. Waya huo niliufunga mimi mwenyewe, kwa koleo la baba, tulipokwenda kumsalimia Pasaka. Sauti inaigwa, lakini nani ataiga waya ule?

"Hodi wenyewe, mpo?"

Bonyeza, bibi, niliomba moyoni. Kitufe kiko hapo hapo mkononi kwako. Bonyeza tu. Nilikuwa naitamani ile krrrrr kuliko nilivyowahi kutamani sikukuu. Mdogo wangu alikohoa kwenye kiganja changu. Miguu ikasogea karibu na mlango, ikasimama, na mimi nikaiwaza Jumamosi yangu.

"Hodi," akaita ya tatu, safari hii taratibu.

Kisha miguu ikageuka. Nilibaki chini nimelala, shavu kwenye saruji, nikisubiri hodi ya nne, huku nikijua vizuri kabisa kwamba bibi yangu hawezi kuipiga.

Mama aliporudi, jirani alimpa kifurushi cha korosho kilichofungwa kwenye kipande cha kanga, pamoja na ujumbe. Bibi alikuja kunichukua. Alitaka nimalizie likizo nzima Marui, akakuta hamna mtu, akawahi gari asije akalala njiani. Wiki tatu za mikorosho na mbuzi na mlango wazi! Na mimi nilizikataa ili kulinda Jumamosi moja.

"Hukusikia?" mama aliniuliza.

"Nilisikia. Hakubonyeza."

Mama alikaa chini, hata mkoba hakuuweka. Baba alipofika aliniambia, "Umefuata sheria, mwanangu," kisha akatoka kukitazama kile kitufe, maana aliyeachwa nje ni mkwewe. Kesho yake, kwa aibu naona, alichora maandishi makubwa mekundu juu ya kitufe: BONYEZA HAPA. Tatizo ni kwamba bibi hakujua kusoma. Zile korosho sikuzila. Mdogo wangu alizimaliza.

Nilikwenda Marui mwezi wa kumi na mbili. Tulikuwa tunachoma korosho kwenye debe bovu, moshi unatutoa machozi, mikono tumeipaka majivu mafuta yake yasituunguze. Nikaona nitumie moshi ule kulia. Nikamwambia nilikuwemo ndani.

"Najua," alisema bibi, akiendelea kubangua. "Nilisikia kikohozi cha mdogo wako."

Nikamuuliza kwa nini basi asibonyeze kile kitufe. Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini hakuingia jikoni kufunua sufuria. "Kwa watu hushiki kitu hujakaribishwa, mjukuu wangu. Na 'karibu' anaitoa mwenye nyumba. Wewe ulikuwa umefungiwa tu." Akanipa korosho ya moto, akanipulizia vidole. Hakulitaja tena mpaka alipotangulia mbele ya haki.

Nami ndiye huyu sasa, mwenye nyumba. Kamera zangu zimehifadhi sura za kila aliyewahi kupita getini, hata wauza mayai, lakini sauti ya bibi haimo popote. Hata lafudhi yake, ile ya kuivuta hodi mwishoni kama anayeita mbuzi, nikijaribu kuiiga naona nakosea.

Juzi Jumapili nilikuwa Marui. Mjomba amejenga nyumba ya tofali pale pale pa bibi, kazungushia ukuta, mikorosho imebaki miwili, na aliniomba nimfungie kengele yenye kamera kama ya kwangu. Nikamfungia. Nani angemfungia, kama si mimi? Nilipomaliza nilitoka nje ili kuijaribu, geti likajifunga nyuma yangu. Kidole kilifika kwenye kitufe, kikakataa. Nikarudi hatua mbili, nikapiga hodi kwa mdomo, nikiivuta mwishoni.

Ndani walikuwepo. Nilisikia televisheni, nilisikia na watoto wa mjomba wakicheka. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, taratibu.

Ya nne sikupiga.