Kibuyu cha Mama Kipyego

Huku kijijini Ziwa, karibu na Eldoret, bahari tunaijua kwa simu ya Kipyego tu. Huyu ni mtoto wa jirani yangu, aliyeondoka angali kijana kwenda kufanya kazi hotelini, katika kisiwa kimoja cha Pwani, akazeekea huko. Kazi yake ni kusimama gatini na sinia la madafu, kumpa kila mgeni anayeshuka botini, na kumwambia, "Karibu nyumbani." Nyumbani kwa nani, mimi sijui.

Alitusimulia kwamba mwanzoni hoteli ilikuwa nyumba moja ya mawe katikati ya wavuvi. Ikaongezwa ghorofa, ikaongezwa nyumba za pembeni. Wavuvi wakauza viwanja vya mbele, wakahamia nyuma, na watoto wao wakarudi palepale kupitia mlango wa jikoni, kufua mashuka. Mwisho likachimbwa bwawa la kuogelea hapo ufuoni. Mama Kipyego alicheka akashika mbavu: "Bahari iko hapo hapo, na wanachimba ingine?"

Kisiwa kile hujaa Desemba, wakati watu wetu wanarudi makwao. Kipyego alikuwa akija Mei, mvua ikishafukuza wageni, na Mei huku hakuna anayepokelewa. Unapewa jembe ukapalilie. Mama yake alitaka kitu kimoja tu: ampokee mwanawe Krismasi, langoni, kwa mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, kutoka mkononi mwake mwenyewe. Kila Desemba alisugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, akatia maziwa. Kila Januari tukayanywa sisi majirani. Mimi niliyanywa kwa hasira.

Mwaka jana Kipyego alipewa likizo, na mama akaandaa kibuyu. Wiki ya Krismasi simu ikalia: wageni wamezidi, meneja amemwomba abaki mpaka Mwaka Mpya upite.

"Mama, mursik haiharibiki," Kipyego alisema. "Ikikaa ndio inakuwa tamu. Itaningoja."

"Ndio, maziwa itangoja," mama akajibu. "Mimi ndio sijui."

Alifariki kabla mwaka haujaisha, akiwa ameketi jikoni kwake.

Kipyego alishuka Eldoret asubuhi ya mazishi, akaja moja kwa moja. Dadake, Jepchumba, alimngoja langoni na kile kibuyu, akammiminia kikombe. Kipyego akakipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, kisha akageuka kutunyooshea sisi waombolezaji, utadhani ndio tumeshuka botini.

"Karibuni ny..." akaanza.

"Kunywa wewe," Jepchumba akamwambia. "Ni yako."

Akanywa huku analia, machozi yakiingia kikombeni. Nilikichukia kisiwa kile siku hiyo, na bado nakichukia. Kibuyu kikapitishwa kwetu sote, nami nikaonja. Maziwa hayakuwa yameharibika hata kidogo.