Joto la Chumba cha Kompresa

Kiwanda chetu cha maziwa hakina mahali pa joto isipokuwa chumba cha kompresa. Maziwa yakipozwa, joto lake hubaki humo, na asubuhi za Eldoret sikuona sababu ya mtu kunywea chai kwingine. Tulikuwa tunajibana kando ya mashine na vikombe vyetu, tukipaza sauti ili tusikilizane. Mimi ndiye fundi wa mashine hiyo, kwa hiyo nilijiona mwenyeji wao.

Aliyekihitaji chumba hicho kuliko sote ni mama aliyekuwa akiosha mitungi. Mikono yake ilishinda kwenye maji baridi tangu alfajiri, na vidole vilikuwa vimeanza kukataa kukunjika. Alikuwa akitoroka kidogo, ananyoosha mikono mbele ya mota, kisha anarudi kazini. Meneja hakutaka mtu aache kituo chake, lakini sisi tulijifanya hatuoni.

Ndipo akaja rafiki yangu. Namwita rafiki kwa mazoea tu. Tulisoma pamoja Moiben, akanisimamia harusi, akasonga mbele akajenga Elgon View kwa matajiri nami nikabaki mtaani Pioneer, na sikuwahi kumwonea kijicho. Alileta kisanduku alichokiuzia kiwanda, akakifunga kwa skrubu ubavuni mwa kompresa. Kilikuwa na sikio na jicho, yaani maikrofoni na kamera. Kazi yake ilikuwa kujifunza mlio wa mashine, kijue beringi ikianza kuchoka, na kuzima mota mtu akisogelea mkanda.

Mama alilitazama lile jicho, akaficha mikono ndani ya leso. "Hii kitu inapeleka maneno yetu wapi?"

Rafiki yangu akacheka. "Haipeleki mahali, Mama. Zile zingine hutuma kila kitu kwa internet ndio ifikiriwe huko mbali. Hii inafikiria hapa hapa. Sauti na picha hazitoki kwa hii room." Akanigeukia. "Waambie, bro."

Nikawaambia. Nilimjua tangu utotoni, kwa nini nisiwaambie? Nilimshika mama mkono nikamrudisha mbele ya mota.

"Ota moto, Mama. Huyu ni mtu wangu."

"Kama ni wewe umesema," akajibu, akanyoosha vidole.

Kisanduku kilifanya kazi vizuri, siwezi kukisingizia. Kilinasa beringi mbovu ambayo ingetuharibia maziwa ya wakulima, na meneja akanipongeza mbele ya watu. Nikawa natembea kifua mbele. Kisha mama akaitwa ofisini. Alipotoka alikuwa ameshika aproni yake mkononi. Alikuwa amefutwa kwa kuacha kituo, na alituambia kwamba meneja alimwonyesha yote kwenye simu: siku alizoingia kwenye kile chumba, na alikaa kwa muda gani.

Nilikwenda Elgon View siku hiyo hiyo, na nguo za kazi. Rafiki yangu alinipokea getini kwa tabasamu lilelile la siku ya harusi yangu. Nilipomweleza, wala hakushtuka.

"Kwani nilidanganya wapi?" akasema. "Hakuna sauti imetoka. Hakuna picha. Mashine ilimtambua hapo hapo, ikatuma jibu tu, ni nani na saa ngapi. Meneja ndiye aliitisha hiyo setting, na yeye ndiye client."

"Uliiweka lini?"

"Kutoka siku ya kwanza."

Yaani aliponiambia niwaambie, alikuwa anajua. Nilikasirika. Angenidanganya, pengine ningemsamehe. Huyu aliyapima maneno yake moja moja, kisha akanituma mimi niyapeleke kwa watu walioniamini. Alinikaribisha chai, nikamwacha nayo pale getini.

Kisanduku bado kipo, na kompresa haijawahi kunguruma vizuri hivi. Siku hizi wenzangu hunywa chai nje, nyuma ya tangi la maji, makoti yamefungwa hadi shingoni. Mwanzoni nilidhani wanalikwepa lile jicho. Asubuhi moja nikabeba kikombe changu nikawafuata kwenye baridi. Walikuwa wanacheka. Waliponiona, wakanyamaza.