Jina la Marehemu Riwayani

Jumamosi nilikuwa kwenye kaunta ya duka la vitabu pale Ishiara, nikibishania kalamu isiyoandika, nyanya mmoja alipoingia amekumbatia riwaya. Mwandishi wake, mwalimu wa pale pale Ishiara, alikuwa kando yangu akiwatilia wasomaji sahihi vitabuni. Ni hadithi ya mtu aliyeuawa siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni, na kachero anayemsaka muuaji.

"Mwalimu, ni wewe uliandika hii?"

"Ni mimi, shosho."

"Huyu mtu aliuawa, ulimpatia jina la baba yangu."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Huku kwetu watoto hurithi majina ya babu zao, kwa hivyo mwandishi akiua mtu, ameua babu wa mtu.

"Pole sana, shosho. Nilitunga tu."

"Najua. Baba yangu alichukuliwa na askari wakati huo huo, na hakurudi. Kijana wangu wa pili ndiye ako na jina lake." Alipapasa jalada. "Miaka hii yote hakuna mtu alienda kumuulizia. Wewe umeweka mtu wa kumuulizia, kutoka page ya kwanza mpaka mwisho. Asante, mwanangu."

Akamwekea mwalimu mfuko wa ndengu za kupika juu ya kaunta, akaenda zake.

Wasomi huniambia riwaya za upelelezi ni za kupotezea wakati. Huenda. Lakini siku hiyo nilimwona kachero wa kubuni akishukuriwa kwa kazi ambayo serikali mbili za kweli, ya mkoloni na ya uhuru, hazikuwahi kuifanya.