Nilitoa Jina la Jirani Yangu Kanisani

Admin, nifichie jina, na usiweke hata picha ya profaili yangu, kwa sababu siku hizi sijui nani anasoma nini na anampelekea nani.

Nina miaka ishirini na sita, nimeokoka, sijaolewa. Nyumbani ni Kitui ila huu ni mwaka wangu wa pili nikifundisha kemia hapa Garissa. Nimepanga chumba mtaa wa Iftin, kwenye ploti ya milango sita. Mlango unaofuata wangu ni wa dada Msomali nitakayemwita Mama Ilhan. Ana mimba ya miezi mitano. Mume wake ni dereva wa lori la Mandera, kwa hiyo mara nyingi Mama Ilhan hubaki na mama mkwe wake kutoka Griftu, ambaye ploti nzima inamwita ayeeyo, yaani nyanya.

Mama Ilhan alinipenda kabla mimi sijamwamini. Ananiita abaayo, dada. Akiniletea chai ya maziwa nilikuwa najiuliza anataka nini. Siku moja aliniuliza kwa nini nafumba macho nikiomba, siku nyingine akauliza kama sisi pia tunamjua Maryam, mama yake Isa. Nilimjibu kwa maneno machache, nikihisi ametumwa na ayeeyo kunipima.

Wakati huo kanisani pasta alikuwa anatufundisha kuhusu Agizo Kuu, lile la kupeleka Injili kwa watu wote. Kila mmoja wetu alitakiwa kuleta jina la mtu anayemshuhudia ili tumwombee. Wenzangu walitaja majina. Mimi nilinyamaza kila Jumapili, nikijiambia ni hekima, na moyoni nikijua ni woga.

Halafu Alhamisi moja, tukianua nguo, Mama Ilhan alinishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Abaayo, Jumamosi niletee basta yako. Roho yangu inataka sana. Lakini ayeeyo asijue."

Mnaoishi huku mnajua wengi hutamka p kama b. Pole ni bole, pesa ni besa, basi basta kwangu ikawa pasta. Na hiyo "yako" badala ya "wako" haikunishtua, kwa sababu kwake kila kitu ni "yako". Niliingia ndani nikalia. Kisha nikaandika kwenye kikundi cha maombi, watu kumi na mmoja. Niliandika kwamba anataka kumwona pasta, nikaweka jina lake halisi na ploti yetu.

Jumamosi ayeeyo alienda kwa binti yake. Pasta akaja na mama mmoja wa kanisa, nikawakaribisha kwangu, nikaenda kumgongea Mama Ilhan. Nilimwambia nimeleta. Aliangalia mikono yangu mitupu.

"Iko wapi?"

"Yuko kwangu. Ameketi."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mwalimu, basta ya kwenu inaketi? Chai pia inakunywa?"

Alikuwa anataka chakula. Ile ya karoti na hoho niliyompa mtoto wake Ilhan sahani moja wiki zilizopita, ambayo mimi huita spageti na wao huita baasto. Ayeeyo hataki ale kitu kutoka jikoni kwangu, ndiyo maana hakutakiwa kujua. Mimba ndiyo iliyokuwa inatamani.

Akiwa bado anacheka, pasta alitokea mlangoni kwangu na Biblia kwapani, akamsalimia kwa jina lake. Kicheko kilikatika. Mama Ilhan aliniuliza huyo ni nani na amemjulia wapi. Nikasema ni mgeni wangu tu, labda amesikia watu wakimwita. Akafunga mlango.

Nilimweleza pasta kosa langu siku hiyo hiyo, nikamwomba jina lifutwe. Alisema hata neno lililokosewa Mungu hulitumia, na kwamba ameshalituma kwa ndugu wa Nairobi waliombee. Nikauliza ndugu gani. Akasema nisirudi nyuma. Tangu hapo namwangalia akihubiri na sisikii anachosema. Nahesabu waliokuwa kwenye kikundi, kila mmoja nikimwona ndiye aliyetoa siri.

Maana maneno yametoka. Wanawake dukani wamemuuliza Mama Ilhan kama ni kweli anataka kubatizwa. Ayeeyo hamsemeshi, na ameshampigia mwanawe simu. Mume anarudi Ijumaa hii.

Jana Mama Ilhan alikuja kwangu, akakaa kitandani, hakugusa chai. "Abaayo, wewe ndiye unajua maneno yangu yote," alisema. "Mume wangu akikuja, simama mbele yake umwambie. Mtu wa dini haogopi kusema kweli." Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananiomba msaada au ananipa nafasi ya kukiri.

Nikisema tu kwamba ni uongo, mume atauliza uongo huo ulianzia wapi, na nikinyamaza hapo atamdhania mke wake. Nikisema ni mimi, ploti hii sitakaa tena, kanisani nitaitwa msaliti, na yeye hataniita abaayo. Tangu utotoni nimefundishwa kushuhudia. Hakuna aliyenifundisha huu ushahidi ninaotakiwa kuutoa Ijumaa.

Ndugu zangu, Wakristo kwa Waislamu, msinitukane kwanza. Zimebaki siku tatu. Mngekuwa mimi, mngemwambia nini mume wake, na Mama Ilhan mwenyewe mngemwambia kabla au baada?